Mji Mkongwe kwa saa zake: namna ya kufaidi sanaa, mavazi na shughuli za Unguja

Kosa la kwanza la mgeni Mji Mkongwe ni kutoka saa sita mchana. Wakati huo jua liko utosini, wenye maduka wengi wamefunga kwenda kusali na kula, muuza kahawa amepumzika, na nakshi za milango zimefifia kwa sababu mwanga unapiga kutoka juu. Mtu huzunguka vichochoroni amelowa jasho, hununua kitu cha kwanza anachooneshwa, na mji unapochangamka jioni yeye yuko kitandani hoi.

Kwa hiyo fuata saa za mji wenyewe. Asubuhi ni ya kuangalia na kununua, mchana wa kulala, alasiri ya kukaa barazani, usiku wa muziki. Saa tunazozitaja hapa ni za Kiswahili. Tangazo la onyesho likiandikwa 8:00 PM, maana yake ni saa mbili usiku, si saa nane. Andika saa ya Kiswahili pembeni ya tiketi mara tu unapoinunua.

Milango, kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi

Jua la asubuhi huingia kwa ubavu, na ubavu ndio unaoonesha kina cha nakshi. Anzia Malindi, pita Kiponda na Hurumzi, teremka Mtaa wa Gizenga, malizia Shangani. Saa mbili zinatosha, na ukipotea hapana neno. Mji umebanwa kati ya bahari na Barabara ya Benjamin Mkapa, ile ambayo wenyeji bado huiita Creek Road, kwa hiyo ukishika njia moja bila kugeuka sana utatokea upande mmojawapo.

Mlango wa Kizanzibari usomwe kuanzia juu. Kizingiti cha juu ndicho hubeba maandishi: aya ya Kurani, jina la mwenye nyumba, na mara nyingine mwaka wa Hijria kwa tarakimu za Kiarabu. Kupata mwaka wa Miladia kwa kukisia, zidisha ule wa Hijria kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Ukikuta ١٣٠٦, yaani 1306, jibu ni kama 1888 au 1889, miaka ambayo Sultani Barghash alifariki na nduguye Khalifa kutawala. Ukishuka, tazama mfaa, ule mti wa katikati unaofunika ufa baina ya mbao mbili. Fundi huweka kazi yake bora hapo, kwa sababu ndipo mgeni anapopiga hodi na kusimama akisubiri. Pembeni mwa fremu huenda mnyororo, mawimbi, samaki, mitende au maua ya yungiyungi. Misumari mikubwa ya shaba yenye vichwa vilivyochongoka ni mapokeo kutoka Bara Hindi. Kwa jumla, milango yenye kizingiti kilichonyooka ni ya mtindo wa zamani zaidi, na ile yenye upinde juu ilienea mwishoni mwa karne ya 19 kwa athari za Kihindi.

Utaelezwa maana ya kila alama, na kila mtembezaji ana yake. Sikiliza, lakini amini zaidi kilichoandikwa kuliko kinachosimuliwa.

Mlango ni wa nyumba ya watu. Salimu kwanza, kisha omba kupiga picha, na mwanamke akiwa kizingitini subiri aingie. Usiegemee ubao wala kuvuta pete ya shaba. Beit el-Ajaib, jumba la kale la masultani lililo mbele ya bahari, ambalo mlango wake ni wa kutajika, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo usijenge ratiba yako juu ya kuingia ndani kabla ya kuuliza.

Kanga: kuichagua, kuikagua, kuikata

Saa tatu au saa nne, kabla joto halijapanda, nenda Darajani na Mchangani. Hapa ndipo wenyeji wanaponunua nguo. Maduka ya Shangani yana kanga pia, ila yamelenga watalii, na bei husema hivyo.

Kanga ina sehemu tatu: pindo, yaani fremu inayoizunguka, mji, yaani uwanja wa katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana, kila kimoja kama mita 1.5 kwa 1.1. Anayechagua kwa rangi peke yake anaacha nusu ya kanga dukani, kwa sababu jina ndilo linalosema. Kanga ya *Wema hauozi* mpe yeyote. *Hasidi hana sababu* ukimpelekea mkwe au jirani, umeshampa ujumbe hata kama wewe uliona maua tu. Ukiwa hujui undani wa methali, muulize muuzaji: "Hii naweza kumpa mama mkwe?" Atakujibu kweli, na huenda akakutolea tatu nyingine zinazofaa.

Kagua hivi. Omba doti ifunguliwe yote, usiridhike na iliyokunjwa. Tazama upana wa pindo pande zote nne. Likiwa nene upande mmoja na jembamba mwingine, kitambaa kilikwenda upande wakati wa kuchapwa, na ukikata utabaki na kanga iliyopinda. Soma jina kwenye vipande vyote viwili, uone kama herufi zimekamilika na ziko katikati. Kisha shika pembe moja, isugue kwa nguvu baina ya viganja kama mtu anayefua. Kanga mpya hutiwa wanga, na wanga huifanya ionekane nzito. Ukisugua, unga mweupe hutoka na uzito wa kweli unabaki mkononi. Ukiona kitambaa kimegeuka kama chachi, rudisha.

Kipimo cha mwisho ni uzi. Chomoa mmoja kwenye ukingo, uwashe kwa kiberiti nje ya duka. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi ukijikunja na kuwa kidonge kigumu cheusi, hiyo ni poliesta: haifyonzi jasho, na ukijifunga kiunoni inateleza. Kanga za poliesta ni nyingi sokoni na rangi zake zinang'aa kuliko za pamba, ndiyo maana hupumbaza.

Kuikata ni kazi ya dakika tano, na ndipo watu huharibu. Kata katikati kabisa ya nafasi iliyo baina ya mapindo mawili, kwa mkasi mkali, ukifuata uzi wa kitambaa na si jicho. Kunja sentimita moja kila upande kisha ipige mshono. Mafundi wa cherehani wa karibu na maduka hufanya hivyo ukisubiri. Kanga isiyopindwa huanza kuchanguka ikifuliwa mara ya pili tu. Ifue peke yake kwa maji baridi mara mbili au tatu hadi maji yatoke safi, na uianike kivulini, ndani nje. Wengi hutia chumvi ili isichuje. Cha msingi zaidi ni kutoichanganya na nguo nyeupe.

Kushona kwa fundi

Nguo ya kushonwa Unguja ni kumbukumbu bora kuliko yoyote ya dukani, mradi ujipe siku. Peleka kitambaa siku ya kwanza ya safari yako, si siku ya kabla ya kuondoka. Fundi mzuri anahitaji siku mbili au tatu, na siku moja zaidi ya kurekebisha.

Loweka kitambaa cha pamba usiku mmoja kabla ya kukipeleka, ukianike, ukipige pasi. Kisiporoweshwa kitaruka baada ya mshono, na gauni lililokukaa vizuri kwa fundi litakubana baada ya kufuliwa. Chukua pia nguo moja inayokukaa sawasawa iwe kipimo, kwani picha ya simu humwonesha fundi mtindo lakini haimwoneshi kiwiliwili chako. Mwambie aache sentimita mbili za kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni, ili pakiwa na haja ya kupanua pawe na pa kupanulia.

Kanga ikishonwa gauni, kuna swali ambalo fundi asipokuuliza mwulize wewe: jina likae wapi? Kwa kawaida hukaa kwenye upindo wa chini au mgongoni. Usiposema, linaweza kukatwa katikati ya methali na kuangukia kwapani. Onesha kwa pini pale unapolitaka. Lipa nusu unapopeleka na nusu baada ya kuvaa mbele ya kioo, si baada ya kuitazama kwenye hanga.

Wiki mbili za mwisho za Ramadhani usimsumbue fundi. Mji mzima unashona nguo za Idi, taa za vyerehani zinawaka hadi daku, na kazi ya mgeni huwa ya mwisho kwenye rundo.

Kofia na kanzu

Kofia ya viua ni kazi ya mkono ya wiki nyingi, pengine miezi. Ina vipande viwili, duara la juu na mzunguko wa pembeni, vilivyojaa vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Vitundu hivyo ndivyo viua, na hupitisha hewa kichwani. Kuitambua ya kweli, ishike juu uielekeze kwenye mwanga: viua vitaonesha nuru kama nyota, kila kimoja kikitofautiana kidogo na mwenzake. Igeuze ndani. Kazi ya mkono ina mafundo madogo yasiyolingana. Kofia ya mashine ina nyuzi zinazoruka kutoka ua hadi ua kwa mstari ulionyooka, na mara nyingi vitundu vyake ni vya kuchorwa kwa uzi tu, havikutobolewa. Za mashine si haramu kuvaa, lakini usizilipie bei ya mkono.

Pima kichwa kwa utepe, sentimita moja juu ya masikio, ukipita kipajini. Usinunue inayobana ukidhani itatanuka, maana wanga utaikaza zaidi. Kofia huoshwa kwa mkono, sabuni laini, bila dawa ya kung'arisha na bila kukamuliwa. Baadaye hutiwa wanga mwepesi na kuvishwa bakuli lililopinduliwa, lenye ukubwa wa kichwa, mpaka ikauke. Ukiianika kwenye kamba inakauka na kona mbili mfano wa masikio, na kona hizo hazitoki mpaka uioshe tena.

Kanzu chagua kwa urefu kwanza: ifike kwenye kifundo cha mguu, isikokote chini. Ya Kiomani ina kishada kinachoning'inia shingoni, na wenye kuipenda hukichovya manukato. Nyingine zina darizi kifuani. Mbili hizo zinakubalika kila mahali, msikitini na harusini.

Wageni wa kike hawahitaji kuvaa buibui. Mabega na magoti yafunikwe, basi. Kanga moja kwenye mkoba hutatua kila jambo: ni mtandio ukiingia kwa watu, ni mkeka ukikaa bustani ya Forodhani, ni shuka kwenye boti.

Picha za kuchora

Mji umejaa maduka ya tingatinga. Mtindo huu ulianzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Edward Said Tingatinga, aliyefariki 1972, na mwanzoni ulichorwa kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli juu ya vibao vya mraba vya hardboard. Leo hii picha nyingi ziko kwenye turubai, na nyingi ni nakala za nakala: twiga watatu na mlima, Wamasai wembamba na machweo. Ukiona picha ileile kwenye maduka manne, usiseme mtindo wote ni takataka. Tafuta mchoraji aliyekaa na brashi mkononi, mtazame dakika kumi. Wengine huchora hadharani, ndani ya Ngome Kongwe na kwenye vichochoro vya Hurumzi. Anayechora mbele yako anaweza pia kukueleza kwa nini ndege wake wana macho makubwa, na bei yake huwa haina dalali ndani yake.

Chunguza kingo za wanyama na manyoya yao. Kwenye kazi nzuri madoa yamewekwa moja moja, juu ya rangi ya chini iliyokauka, na mpaka wa rangi haujavuja. Kwenye kazi ya haraka madoa yamechanganyika na rangi ya chini kwa sababu haikungojewa ikauke. Nusa pia. Picha inayonuka rangi kali ilimalizwa majuzi, na rangi ya mafuta hukauka juu kabla ya ndani. Kunja hiyo leo, ifungue wiki ijayo, itakuwa imeshikana kama mkate wa kumimina na sufuria lake. Isubiri siku tatu hadi tano mahali penye upepo, au chagua iliyokwisha kukauka. Kunja rangi ikiwa upande wa nje, si ndani, na uzungushe kwenye mwanzi au bomba lenye kipenyo cha sentimita 8 au zaidi, kwani ikikunjwa nyembamba rangi hupasuka. Katikati weka karatasi ya kuokea. Gazeti huacha wino.

Masanduku ya mbao yaliyopambwa kwa shaba na vitu vinavyosemwa ni vya kale vinahitaji jicho jingine. Rangi ya viatu hufanya mbao mpya kuwa ya kahawia kwa saa moja. Pangusa ndani ya droo kwa kitambaa cheupe uone kinachotoka. Na kitu kikiwa cha kale kweli kina sheria zake za kutoka nchini, omba stakabadhi na uulize kibali kabla ya kulipa.

Baraza na Forodhani

Baada ya alasiri mji unarudi nje. Kwenye njiapanda ya Jaws Corner na baraza nyingi za Sokomuhogo na Kiponda, mawe ya kukalia yanajaa wanaume, dele la kahawa linawaka mkaa chini yake, na muuzaji anagonganisha vikombe kuita watu. Kahawa ni chungu, haina sukari. Utamu uko kwenye kashata au haluwa. Salimu wote kwa pamoja, kaa pembeni, agiza, usilete mkoba katikati. Mwanamke anaweza kununua na kukaa, ingawa kwenye baraza za wazee atajikuta peke yake. Baraza za mbele ya majumba ya wageni zinamfaa zaidi.

Kwenye bao, mashimo 32 na kete 64 za komwe, sheria ya mtazamaji ni moja: usimwambie mchezaji la kufanya. Hata ukiona. Mchezo ukiisha, uliza, na watu wataurudia kete kwa kete kukufundisha.

Machweo, nenda Forodhani. Bustani ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya 2009. Kabla jua halijazama, vijana hukimbia kutoka mbali na kujitupa baharini kwa mikao wanayoibuni wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakishangiliwa na waliokaa ukutani. Hiyo ni sanaa ya mji kama nyingine, na haina tiketi. Chakula huanza magharibi. Mishikaki ya pweza na samaki iliyopangwa mezani kwa uzuri inaweza kuwa imekaa muda mrefu, chagua panapochomwa mbele yako na panapopangwa foleni ya wenyeji. Uliza bei ya kila kijiti kabla ya kuchagua, kwa sababu sahani hupimwa baada ya kujazwa. Urojo ni salama zaidi na ni wa hapa hapa: mchuzi wa ukwaju na embe mbichi unaofuka, ndani yake bajia, kachori, viazi, vipande vya muhogo wa kukaanga na chatne ya nazi. Mwambie muuzaji pilipili kiasi gani kabla hajaanza kumimina.

Usiku wa taarab

Hapa ndipo mavazi, ushairi na kukutana vinapokuwa kitu kimoja, na hapa ndipo asiyeelekezwa hukosa mengi.

Kuna taarab tatu. Ya asilia ni okestra: udi na kanuni (ala za nyuzi), fidla, nai (filimbi), kodiani, dumbaki (ngoma), na besi. Ikhwani Safaa, ambayo pia huitwa Malindi, iliundwa 1905. Culture Musical Club ilianza 1958 na nyumba yake iko Vuga. Mwenye kuimba Kiswahili mbele ya ulimwengu alikuwa Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Ya pili ni kidumbaki, kundi dogo la fidla, vidumbaki viwili (ngoma ndogo), mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (manyanga) na sanduku, yaani besi ya kisanduku chenye mti na uzi. Hii ni ya kucheza. Ya tatu ni taarab ya kisasa, ya kinanda na vipaza sauti vikubwa, yenye mipasho ya wazi. Uliza ni ipi kabla ya kwenda, kwa sababu anayetaka kucheza akaketi kwenye kiti cha asilia atalala, na anayetaka kusikiliza mashairi akaingia kwenye kisasa masikio yatamuuma.

Fika robo saa kabla. Onyesho la asilia hufunguliwa na bashrafu, kipande cha ala bila mwimbaji, na hapo watu hukaa kimya. Wimbo mmoja unaweza kuchukua dakika kumi na zaidi. Beti hurudiwa makusudi, ili shairi lizame.

Kumtunza mwimbaji, yaani kumpelekea pesa jukwaani, kuna utaratibu. Badilisha noti ndogo mapema, usije ukasimama na noti kubwa ukaona haya. Usinyanyuke kwenye bashrafu. Subiri ubeti unaokugusa uimbwe, inuka taratibu, tembea kwa mwendo wa muziki, umkabidhi mwimbaji mkononi kwa mkono wa kulia, kisha urudi bila kumkinga aliye nyuma yako. Usizirushe noti. Jambo kubwa ni hili: ubeti unaokwenda kutunza ni kauli yako. Mwimbaji akiimba juu ya hasidi, jirani mbaya au mke mwenza, na wewe ukainuka kwenye mstari huo ukitazama upande fulani, waliokaa upande huo wataelewa kwamba unawajibu. Wenyeji hufanya hivyo kwa kukusudia, na ndiyo ladha yake. Mgeni atunze kwenye mapenzi, subira na shukurani.

Anayetaka kusikia bila tiketi kubwa aulize habari za mazoezi ya jioni ya vikundi na maonyesho ya walimu na wanafunzi wa Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki kilichoanzishwa 2002. Mazoezini mtu husikia fidla moja ikirudia mstari mmoja mpaka ukae, na hilo ni somo zuri kuliko onyesho.

Ukialikwa harusini

Mwanamke akialikwa kwenye shughuli ya wanawake, aende, asikatae kwa kuona haya. Avae kilicho bora alichonacho, na simu abaki nayo kwenye mkoba. Picha za ndani hazipigwi bila ruhusa ya mwenye shughuli, kwani humo ndani wanawake wamevua mitandio. Zawadi iwe bahasha au doti ya kanga yenye jina jema.

Hina ipakwe siku mbili kabla, si siku yenyewe, kwa kuwa rangi hukolea kati ya saa 24 na 48. Iache juu ya ngozi saa nne hadi sita, uikwangue ikiwa kavu badala ya kuiosha, kisha paka mafuta ya nazi na uepuke maji mpaka kesho yake. Hina ya kweli hutoka rangi ya chungwa na kuishia kahawia. Ile nyeusi tititi ya papo hapo ni piko, na mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD. Inaweza kuunguza ngozi, ikatoa malengelenge na kuacha kovu lenye umbo la ua. Mtoto usimpake kabisa.

Nywele huwekwa kikuba cha asumini, waridi na mrehani, kinachonunuliwa jioni ile ile. Nguo hufukizwa udi. Washa mkaa kwenye chetezo na usubiri ufunikwe na jivu jeupe ndipo uweke udi kidogo. Mkaa mweusi unaofuka moshi wake mwenyewe utakutia harufu ya jikoni. Shika nguo kimo cha mkono mmoja juu ya moshi, dakika mbili tatu, uigeuze. Udi unaopikwa na sukari na manukato hudondosha cheche ukiwekwa mwingi, tumia bonge dogo kama ncha ya kidole.

Kuchagua mwezi

Sauti za Busara, tamasha la muziki la Ngome Kongwe lililoanza 2004, hufanyika Februari, wakati wa kaskazi na ukavu. Raia wa Tanzania hupata bei nafuu, kwa hiyo beba kitambulisho. Malazi ya mji yashike miezi miwili kabla. Chukua kanga ya kukalia, vizibio vya masikio kwa watoto, na pesa taslimu. Tahadhari: tamasha la 2016 halikufanyika kwa sababu ya fedha, na Ramadhani sasa inaangukia miezi ya mwanzo wa mwaka, ikirudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na 8 Februari. Hakikisha tarehe kabla ya kulipa nauli ya boti. ZIFF, tamasha la filamu lililofanyika mara ya kwanza 1998, huwa katikati ya mwaka.

Mwezi wa Julai, Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, hufanyika Makunduchi, kusini mwa kisiwa. Wanaume huchapana kwa migomba, wanawake huvaa kanga mpya na kuimba kejeli, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Simama upande upepo unakotoka, maana cheche huruka haraka kuliko watu.

Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hujaza vichochoro maji na hupunguza maonyesho ya nje. Ramadhani mchana maduka ya vyakula mengi hufungwa na muziki hutulia, na asiyefunga hula ndani, si barabarani. Kwa upande mwingine, baada ya futari mji haulali, na mwezi huo ndio wa kuona nguo zikishonwa.

Kisha Idi. Ukiwa na uhuru wa kuchagua siku moja tu ya kuona mavazi ya Unguja, chagua jioni ya Idi Pili: kanzu zenye mikunjo ya pasi ya jana, mabuibui yenye darizi, wasichana na hina hadi kiwiko, na watoto wamejazana kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja na Kariakoo vya hapa Unguja, na magauni ya vitambaa vinavyong'aa. Weka noti ndogo mfuko wa mbele. Mtoto atakusimamisha, akushike mkono, akwambie "nipe sikukuu yangu", na anaposema hivyo anatarajia jibu.